Nuru Inaingilia Wapi? Mwelekeo wa mwanga katika hadubini ya fluoresensi

Hotuba hii ilitolewa Mombasa mbele ya wateknolojia wa maabara, walimu wa sayansi na wanafunzi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wakubwa zetu, shikamooni. Wenzetu wa maabara, walimu, na nyinyi wanafunzi mliovuka feri alfajiri kuja kutusikiliza, karibuni sana. Mliosimama kule nyuma sogeeni, viti viko huku mbele, na jambo la kwanza linataka macho.

Swali la leo, kwa hadubini ya fluoresensi, ile ya kutazama vitu vinavyotoa mng'ao wao wenyewe vikiangazwa, ni fupi: nuru inaingilia wapi? Hatuulizi taa ina wati ngapi. Hatuulizi hadubini imenunuliwa kwa shilingi ngapi. Tunauliza nuru inaingilia wapi: chini, juu au ubavuni? Maana slaidi ni ileile, rangi ileile, taa ileile. Badilisha upande wa kuingilia tu, na pale ulipoona nyota kwenye giza utaona ukungu mtupu.

Tuzime taa za ukumbi. Hii glasi ina maji ya bomba na matone mawili ya wino wa kalamu ya njano, ile ambayo wanafunzi hupakia mistari muhimu kitabuni. Hii tochi ni ya LED ya buluu, nanomita 450 hivi. Naiangaza glasi kutoka ubavuni. Mnaona rangi gani? Kijani. Mlio kushoto, kijani? Mlio kulia? Nyuma kule? Wote mnaona kijani, na hakuna aliyehamishwa kiti. Sasa bwana huyu aliye mkabala na tochi, mwulizeni anaona nini. Anaona buluu inayomchoma macho, na kijani amekikosa.

Hapo hotuba ingeweza kuisha, kusema kweli. Molekuli ya rangi humeza buluu, hukaa nayo kwa muda wa nanosekunde chache, kisha huitoa ikiwa kijani. Na inapoitoa haikumbuki ilikotoka. Mng'ao huenda juu, chini, kulia, kushoto. Mwanga wa kuchochea, ule wa tochi, hauko hivyo: unaendelea na safari yake kwa mstari ulionyooka. Basi mwenye hadubini kazi yake ni kukaa mahali ambapo mng'ao unamfikia na mwanga wa kuchochea haumfikii.

Lakini lipo la pili, na wengi hulisahau. Naongeza wino kwenye glasi, nyingi safari hii. Tazameni. Kijani kimejikusanya kwenye ukuta ule tochi inapoingilia, utando mwembamba tu, na ng'ambo ya pili ni giza. Mwingereza John Herschel aliliona jambo hili mwaka 1845. Alikuwa na myeyusho wa kwinini, dawa ambayo wazee wa pwani hii wanaijua kwa uchungu wake. Akauweka juani. Upande ule jua linapoingilia akaona utando wa buluu, na kwingineko kote myeyusho ni maangavu kama maji ya kunywa. Akaupa mng'ao ule jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya uso wa kitu, kwa sababu alidhani ni tabia ya uso. Miaka saba baadaye, 1852, George Gabriel Stokes akaeleza sababu: jua lina miale ya urujuanimno, tabaka la kwanza la kwinini linaila yote, na matabaka ya nyuma hayaachiwi kitu. Stokes huyohuyo ndiye aliyetuonyesha kwamba mng'ao hutoka na urefu wa wimbi mkubwa kuliko wa mwanga ulioingia, na ndiye aliyeunda neno fluoresensi, kutoka kwa jiwe la fluorspa.

Kwa hiyo mng'ao huenda pande zote, ila huwa mkali zaidi pale nuru inapoingilia. Tuingie maabara na mambo hayo mawili.

Tuanze na nuru ya chini, maana ndiyo tuliyozaliwa nayo. Taa iko chini, kondensa juu yake, yaani lenzi inayokusanya mwanga kwenye slaidi, kisha slaidi yenyewe, kisha obijektivu, lenzi inayokitazama kitu. August Köhler kule Jena, mwaka 1904, alikuwa akijaribu hadubini ya urujuanimno ili aone vitu vidogo zaidi, na vitu vyake vikawa vinang'aa vyenyewe na kumharibia picha. Kwake ilikuwa kero. Wengine wakaona ni mali, na ilipofika 1911 Oskar Heimstädt akawa na hadubini ya fluoresensi inayofanya kazi. Taa chini.

Ubaya wake? Simama usiku kando ya barabara ya Nyali, matatu inakujia imewasha taa zote. Kwenye majani mbele yake kuna kimulimuli. Utakiona? Kimulimuli kipo, kinawaka, jicho lako ni zima. Umezidiwa tu. Kwenye slaidi mwanga wa kuchochea unaweza kuushinda mng'ao mara laki moja hadi milioni moja, na ukitokea chini unaingia wote ndani ya obijektivu. Kila kitu kinategemea kichujio kimoja kilicho juu. Kikiwa na tundu dogo la sindano, au kikichakaa kidogo, mandhari yote yanajaa ukungu.

Watu wa zamani walitafuta njia ya kuukwepa mwanga huo wa kuchochea. Walitumia kondensa ya uwanja wa giza: katikati imezibwa, mwanga unatoka pembeni kama koni yenye uwazi ndani, unaipita slaidi kwa mshazari mkali kiasi kwamba hauingii kwenye lenzi. Ni hila nzuri, lakini ina masharti. Namba ya upenyo ya kondensa, yaani namba inayoonyesha upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi huipitisha, lazima iizidi ya obijektivu. Kati ya kondensa na slaidi lazima kuwe na tone la mafuta, tena lisilo na kiputo hata kimoja. Na slaidi isiwe nene, milimita moja hivi, la sivyo ncha ya koni haifiki kwenye kitu. Vumbi nalo hugeuka nyota. Aliyewahi kuipanga kondensa ile anajua kwa nini watu waliichoka.

Msidhani ni historia tu. Vipo vifaa vya LED vya bei ya chini vinavyopachikwa kwenye hadubini ya kawaida, na baadhi yake huangaza kutoka chini. Chukueni zahanati yoyote yenye kifaa hicho. Makohozi ya anayepimwa kifua kikuu yamepakwa kwenye slaidi, yamekaushwa, yakatiwa auramini, rangi inayong'aa, ya asilimia 0.1 kwa dakika 20, yakasafishwa kwa alkoholi yenye asidi ya asilimia 0.5 kwa dakika 3, mwisho pamanganeti ya potasiamu ya asilimia 0.5 kwa dakika moja. Kila hatua sawa. Slaidi inapandishwa, fundi anatazama: giza, na uzi mmoja hafifu ambao hana hakika nao. Anaandika hasi.

Nini kimetokea? Kabla ya slaidi ile alikuwa anapima mkojo. Kwa mkojo mtu hushusha kondensa na kubana daframu, lile tundu la kupunguza mwanga, ili vitu visivyo na rangi vionekane, na mkono umezoea hivyo. Kwa fluoresensi ya kutoka chini ni kinyume kabisa: kondensa ipandishwe hadi karibu igusane na slaidi, na daframu ifunguliwe yote. Kondensa ikishushwa, mwanga wa buluu unatawanyika kabla ya kufika kwenye bakteria. Slaidi yenye bakteria wengi itaonekana tu, hata mpangilio ukiwa mbaya. Inayopotea ni ile yenye wachache, na ndiyo ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake ungewahiwa mapema. Andikeni kwenye karatasi, mbandike ubavuni mwa hadubini: nuru ya chini, kondensa juu. Nikipita kwenye maabara zenu nitaitafuta karatasi hiyo.

Sasa twende juu. Hapa nitakaa kidogo, maana hadubini nyingi mnazotumia leo ni za namna hii.

Kuna vitu haviwezi kuangazwa kutoka chini hata ukitaka. Utaangazaje tumbawe kutoka chini? Ni jiwe! Kuta za Fort Jesus zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na nuru haijapita humo tangu zijengwe. Mwaka 1929 Philipp Ellinger na August Hirt, Heidelberg, walikuwa na shida hiyohiyo kwa viungo vya wanyama walio hai: ini ni nene, figo ni nene. Wakaupitisha mwanga kwenye lenzi ileile wanayotazamia. Baadaye Brumberg kule Muungano wa Kisovieti, na kisha Johan Ploem wa Uholanzi mwaka 1967, wakakamilisha kitu kinachofanya njia hii iwe nyepesi: kioo cha daikroiki.

Kioo hiki kimelazwa kwa nyuzi 45 ndani ya kijisanduku cha vichujio. Kinarudisha mawimbi mafupi na kupitisha marefu. Buluu inatoka kwenye taa nyuma ya hadubini, inapita kichujio cha kwanza, inagonga kioo, inateremka kupitia obijektivu hadi kwenye slaidi. Kijani kinazaliwa, kinapanda kupitia obijektivu ileile, kinafika kwenye kioo na kupita moja kwa moja kwenda kwenye kichujio cha pili na jichoni. Obijektivu inafanya kazi mbili, kondensa na jicho, kwa hiyo pale unapotazama ndipo palipoangazwa, na uso unaoutazama ndio uso ambao nuru inauingilia. Mnamkumbuka Herschel? Ule utando mkali wa buluu sasa unatukabili sisi.

Tufanye hesabu ya sokoni. Tuseme chembe 1,000,000 za mwanga wa buluu zimefika kwenye slaidi. Zikitokea chini, karibu zote zinaendelea kuingia kwenye lenzi. Zikitokea juu, nyingi zinapita na kupotelea chini. Zinazorudi ni zilizogonga kioo, na uso mmoja wa kioo hewani hurudisha kama asilimia 4, yaani chembe 40,000. Zikifika kwenye daikroiki, na ikiwa kinazirudisha kwenye taa 98 katika kila 100, zinazopenya ni 800. Kichujio cha mwisho kina mia nane za kuzuia badala ya milioni. Nani hapo atashindwa?

Na kwa kuwa lenzi moja inafanya kazi mbili, namba ya upenyo inahesabiwa mara mbili. Ni ile iliyoandikwa ubavuni baada ya ukuzaji, kwa mfano 40/0.65. Mng'ao unaoonekana hufuata namba hiyo ikipandishwa kwa kipeo cha nne, kisha ikagawanywa kwa mraba wa ukuzaji. Weka 40/0.75 badala ya 40/0.65: mwanga unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 75. Lenzi ya 20/0.5 dhidi ya 20/0.4: karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo anayetaka mng'ao zaidi atazame lenzi kabla hajaomba pesa za taa kubwa. Wafanyabiashara wa taa hawatawaambia haya.

Hitilafu zake nazo mzijue. Ya kwanza ni ya aibu: taa ya chini imeachwa ikiwaka. Izime. Ya pili: ile buluu iliyopita slaidi inagonga kichwa cha kondensa na kurudi. Shusha kondensa, au tandika karatasi nyeusi chini ya slaidi. Nyeusi, si nyeupe. Karatasi nyeupe za ofisini zina kemikali za kung'arisha, na chini ya urujuanimno zinawaka zenyewe. Mnaona kondensa sasa? Nuru ya chini, ipande. Nuru ya juu, ishuke. Hadubini ileile, mkono uleule, amri kinyume.

Mandhari yakiwa nusu yamewaka na nusu giza kama mwezi uliomegwa, kijisanduku cha vichujio hakijaingia mahali pake. Kisukume mpaka kilie "tak". Upande mmoja ukiwa mkali kuliko mwingine bila mpaka wa wazi, taa haijakaa katikati. Tone la wino huu wa kalamu ya njano, juu yake kioo cha kufunikia, ndiyo slaidi ya kupimia; haigharimu kitu, na inaonyesha upungufu ambao slaidi ya mgonjwa inauficha. Mafuta ya lenzi yawe ya aina isiyong'aa, maana katika njia hii buluu inapita ndani ya mafuta kabla ya kufika kwenye kitu.

Halafu hewa yetu. Mombasa ni joto, chumvi na unyevu, na kuvu huota juu ya lenzi kama nyuzi za buibui. Kwenye hadubini ya kawaida utavumilia. Kwenye nuru ya juu, lenzi yenye kuvu inatawanya buluu inaposhuka, kisha inatawanya kijani kinapopanda: hasara mara mbili. Hifadhini lenzi na vijisanduku kwenye chombo kinachofungika, chenye silika jeli, na silika ikibadilika rangi ikaushwe au ibadilishwe.

Taa ya zebaki, wanaoitumia wanaijua tabia yake. Balbu ya wati 100 huhesabiwa saa 200 hivi, kisha ibadilishwe. Umeme ukikatika, huwezi kuiwasha papo hapo. Iache ipoe kama nusu saa. LED huwaka mara moja na hudumu maelfu ya saa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za zebaki katika kupima kifua kikuu, na fluoresensi kwa jumla huwanasa wagonjwa takriban asilimia 10 zaidi ya rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen, ile inayosomwa kwa mwanga wa kawaida. Slaidi zilizotiwa auramini zikae gizani na zisomwe ndani ya saa 24, kwa kuwa nuru hiyohiyo inayoamsha rangi ndiyo inayoiua. Ukiwa unaandika daftarini, funga shata, kile kilango cha kuzuia mwanga.

Tumebakisha ubavuni. Nyote mmewahi kuingia nyumba ya makuti mchana. Paa lina tundu, mwale mmoja unashuka, na ndani ya mwale vumbi linacheza. Vumbi lile limejaa chumba kizima, lakini unaliona ndani ya mwale tu, tena ukisimama kando. Ukiutazama mwale kwa mbele utapofuka, na chembe huzioni.

Richard Zsigmondy na Henry Siedentopf walifanya hivyo hasa mwanzoni mwa karne ya 20: mwale mwembamba kutoka ubavuni, obijektivu juu, na chembe za dhahabu ndani ya kioo chekundu zikaonekana ijapokuwa ni ndogo kuliko urefu wa wimbi. Ule ulikuwa mwanga uliotawanywa, haukuwa fluoresensi, lakini jiometri ni hiyohiyo. Zsigmondy alipewa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Kisha wazo likalala kwa miaka mingi. Mwaka 2004 Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao huko Heidelberg wakaulaza mwanga kama shuka, unene wa maikromita chache, wakaupitisha ubavuni mwa viinitete vya samaki medaka vilivyo hai. Lenzi inatazama shuka kwa nyuzi 90.

Faida? Kwenye nuru ya juu, ukitazama tabaka moja, matabaka yote ya chini na ya juu yanachomwa bure, na ukungu wao unakuja jichoni. Kwenye shuka, kinachoangazwa ni kile unachokitazama, kingine kiko gizani kinapumzika. Samaki anakua mbele yako siku nzima. Kasoro yake ni vivuli: jicho la samaki likiziba shuka, nyuma yake kunatokea michirizi myeusi. Dawa ni kuangaza kwa zamu kutoka pande mbili, au kuitikisa shuka kidogo kulia na kushoto wakati picha inapigwa.

Mtasema hiyo ni ya wenye fedha. Ipo ya kwetu. Chukueni hadubini ya lenzi mbili inayokuza mara 10 hadi 40, LED mbili za nanomita 450 kila upande kwa nyuzi 45, kila moja na kichujio cha buluu mbele, maana mwanga wa LED una mkia unaoburura hadi kwenye kijani. Juu ya lenzi wekeni kichujio cha njano kinachozuia kila kilicho chini ya nanomita 500. Kitu kikae kwenye bakuli jeusi, kimezama majini. Kwa tumbawe, kijani ni protini zake na nyekundu, karibu na nanomita 680, ni klorofili ya mwani wanaoishi ndani yake. Msikwanyue matumbawe ya hifadhi, tafadhali! Jani la mchicha lililotwangwa kwenye spiriti litawapa nyekundu ileile. Ila msijaribu nuru ya ubavuni na lenzi ya 40 ya kawaida. Imebakiza pengo la kama nusu milimita juu ya slaidi, na hapo mwale hauna mlango.

Kuna mshazari mmoja zaidi, niutaje tu. Nuru ikitoka ndani ya kioo kwenda majini kwa pembe inayozidi nyuzi 61 hivi, haitoki, inarudi yote. Lakini inaacha kama pumzi ng'ambo ya kioo, nanomita 100 au 200 tu, inayotosha kuamsha rangi iliyogusana na kioo. Daniel Axelrod aliitumia kwenye seli mwaka 1981. Inataka lenzi yenye namba ya upenyo inayozidi 1.33, kwa kawaida 1.45 na kuendelea. Atakayekutana nayo anitafute.

Sasa meza tatu ziko tayari kando ya ukuta. Ya kwanza ni nuru ya chini, na kondensa tumeishusha makusudi. Tazameni slaidi kwanza, kisha ipandisheni wenyewe. Ya pili ni nuru ya juu, ina karatasi nyeusi na karatasi nyeupe za kubadilishana. Ya tatu ni mchicha. Ile ya zebaki iliyo pembeni imezimwa saa nne na robo, kwa hiyo kabla ya saa tano kasoro robo asiiguse mtu.